Jinsi mabomba kumi na mawili ya kisima cha mafuta "yalivyopotea" Kitale nikiwa karani

Wakuu, salamu kwa kila mtu humu, wa zamani na wageni.

Hii kitu nimekaa nayo miaka mingi. Nimewahi kumwambia mume wangu peke yake, akacheka mpaka akamwaga chai. Leo naiweka hapa vile ilivyokuwa. Mahali nilifanya ujinga nitasema nilifanya ujinga, na kama kuna kitu sikumbuki nitasema pia. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Mimi mniite Nafula.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimemaliza kozi ya ukarani Bungoma, niko nyumbani Naitiri, navunja mahindi ya mama na kungoja Mungu anikumbuke.

Akanikumbuka. Kampuni moja ya usafirishaji ilikuwa imefungua yadi Kitale, nje kidogo ya mji, na ilitaka karani wa kuhesabu mzigo.

Mzigo wenyewe ulikuwa mabomba. Si ya maji. Ya visima vya mafuta.

Najua mtajiuliza mafuta gani Kitale. Hakuna. Mabomba yalikuwa yanapita tu. Yalifika kwa treni mpaka stesheni ya Bungoma, trela zikayaleta Kitale, sisi tukayapanga kwa aina, halafu malori makubwa yakayachukua kwenda kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kule kwenye uchimbaji.

Sasa mimi, msichana wa Naitiri, nilijua bomba ni bomba. Ya tenki, ya jikoni, basi.

Kwa hivyo kabla ya kupelekwa Kitale niliwekwa wiki mbili Bungoma, chini ya Mzee Wafula. Huyu mzee alikuwa karani wa upande wa stesheni, na ujana wake wote alifanya kazi kwenye mitambo ya kuchimba, nchi za watu. Mtu wa Lugulu, mfupi, kofia ya sufu hata jua likiwaka. Na ulimi wake, jamani. Watu wetu wa Bungoma mnatujua na hizo herufi mbili, r na l.

Siku ya kwanza alinizungusha kwenye marundo akiniuliza, "Hii ni nini?"

"Bomba, mzee."

"Na ire?"

"Bomba."

"Khane! Kumbe kazi iko."

Tukakaa. Akaniambia wewe ni Mbukusu, chungu cha pombe ya busaa unakijua? Nikasema nakijua kwa kuona tu, maana nyumbani ni watu wa kanisa. Akacheka.

"Sawa, wa kanisa. Kisima ya mafuta ni kama chungu ya busaa. Chungu yenyewe, ire ukuta yake, hiyo ndiyo casing. Inaingia kwa ardhi, inamwagiwa simiti nje yake, inazikwa. Haitoki tena. Kazi yake ni kuzuia udongo isianguke ndani. Sawa?"

"Sawa."

"Sasa busaa utakunywa na nini? Na mrija. Huo mrija ndiyo tubing. Inaingia ndani ya casing, mafuta inapanda nayo. Ikiziba ama ikioza unatoa, unaweka ingine. Chungu inabaki."

"Na ile nene yenye vichwa?"

"Hiyo ni drill pipe. Hiyo ni jembe. Inazunguka, inachimba, ikimaliza inatoka, inaenda kisima ingine. Jembe haizikwi shambani."

Wakuu, nimewahi kukaa darasa nyingi, lakini hiyo ya chungu na mrija ndiyo sijawahi kusahau. Baadaye nikajifunza kwamba casing hata si moja. Kuna ile pana inaanza juu, halafu nyembamba inapita ndani yake, halafu nyembamba zaidi, kama sufuria za dukani zilivyopangwa moja ndani ya nyingine. Ya mwisho chini kabisa inaweza kuwa nyembamba sana, inchi nne na nusu.

Na hapo ndipo shida yangu ilikuwa inaningoja. Kwa sababu tubing nayo inaweza kuwa inchi nne na nusu.

Mzee Wafula alinionya. Alisema, "Usiamini unene. Toa kofia, angaria meno." Kofia ni kile kifuniko cha plastiki kinachofunikwa kwenye ncha kulinda meno, yaani zile ringi za kufungia bomba moja na jingine. Aina tofauti, meno tofauti. Tena ncha ya ile tubing yetu ilikuwa imevimba kidogo kabla ya meno, kama shingo ya nyoka aliyemeza panya. Casing ilikuwa imenyooka tu.

Niliandika haya yote kwa kitabu. Nikapiga mstari chini. Nikaenda Kitale na sikufanya hata siku moja, kwa sababu zile kofia zilikuwa zinakaza na mimi nilikuwa na kucha.

Kitale nilipanga chumba Matisi, nikanunua jiko na godoro, nikajiona mtu.

Bosi wa yadi alikuwa Bwana Masinde. Mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu tatu mfukoni. Hakuwa mbaya, lakini alikuwa na woga wa wakubwa wake, na bosi mwoga huwa mkali.

Na dereva wa trela ya Bungoma alikuwa Baba Zuhura.

Huyu nataka mumjue vizuri. Mzee wa hamsini na kitu, Mwislamu, amezaliwa Kitale nyuma ya msikiti, alisema babu yake aliletwa na kazi ya reli akakatalia huku. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka sisi wengine tulikuwa tunaona haya kufungua mdomo. Nikisema "hii bomba ni chafu," yeye taratibu: "Bomba hili, binti. Bomba hili ni chafu." Kila Jumatatu alikuja na mandazi ya mke wake yamefungwa kwa gazeti, na hakuna mtu wa yadi alikosa.

Siku moja ilinyesha. Ile mvua ya Kitale ya saa nane mchana inayoanza kama imetumwa. Baba Zuhura akaingia na trela, mzigo umejaa matope ya njiani. Hati ya mzigo alikuwa ameiweka kifuani ndani ya shati, lakini alishuka kufungua minyororo, na alipoitoa, wino ulikuwa umekimbia wote. Karatasi ya bluu tupu.

"Binti, hii sasa ni leso," akasema.

Nikamwambia hakuna shida, nitapata nakala kutoka kwa Mzee Wafula mwisho wa mwezi. Nilitaka tu kuingia ndani. Winchi ikashusha, mimi nimesimama chini ya bati na mwavuli, nahesabu kwa macho. Mabomba ya inchi nne na nusu, yote yanafanana, yote matope.

Nikaandika: tubing, sabini na mbili.

Kumbe zilikuwa tubing sitini, na casing kumi na mbili.

Bwana Masinde akasaini ukurasa wangu vile alikuwa anasaini zote, bila kuangalia. Mabomba yakawekwa safu moja kando ya ua. Maisha yakaendelea.

Mwisho wa mwezi akaja mkaguzi wa wenye mali. Ametoka Bungoma na karatasi za huko. Akazunguka na Bwana Masinde, akauliza, "Casing za inchi nne na nusu ziko wapi? Kumi na mbili. Kisima kinazingojea."

Tukaangalia kitabu changu. Hakuna.

Tukaangalia yadi. Rundo la casing za inchi saba, lipo. Za inchi tisa, zipo. Za nne na nusu, hata moja.

Mkaguzi akatoa karatasi ya Bungoma. Zimepakiwa, tarehe ile, trela ya Baba Zuhura, sahihi yake hii hapa.

(Naona kuna mtu hapo chini tayari ameuliza: si tubing zilikuwa zimezidi kumi na mbili? Si mngeona? Mkuu, una akili kuliko sisi. Tubing zilikuwa zinaingia kila wiki, zimeshapita mia nne, na hakuna aliyekuwa na haja nazo siku hiyo. Fomu yetu ilikuwa na safu ya "imepungua". Ya "imezidi" haikuweko. Mtu akitafuta kilichopotea haangalii kilichozidi.)

Baba Zuhura akaitwa ofisini. Mimi nilikuwa pale kwa meza yangu.

"Mabomba kumi na mawili, Baba Zuhura," Bwana Masinde akasema. "Yalitoka Bungoma. Hapa hayakufika."

"Yalifika. Niliyopakia ndiyo niliyoshusha."

"Kitabu cha Nafula kinasema hapana."

Akanigeukia. Si kwa hasira. Alinitazama tu kama mtu anayengoja umsaidie kuinua kitu.

Na mimi nikasema, naikumbuka hii sentensi neno kwa neno, "Mzee, mimi naandika chenye naona."

"Bwana mkubwa," akamwambia Bwana Masinde, "mimi bomba la mafuta nitamuuzia nani? Muuza mandazi?"

Watu wakacheka kidogo, lakini haikusaidia. Kwa sababu jioni hiyo fundi mmoja wa yadi alikumbuka kwamba ameona kofia za mabomba nyumbani kwa Baba Zuhura.

Kesho yake Bwana Masinde akanichukua tukaenda kuhakikisha. Nyumba nyuma ya msikiti, ua mdogo umefagiwa. Kweli, kofia nane nyeusi za inchi nne na nusu zimepangwa kando ya ukuta, zimejaa maji, kuku wanakunywa.

Mama Zuhura alitusimamia akiwa na mwiko mkononi. Bwana Masinde akaanza kuhesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Kuku mmoja akapanda juu ya kiatu chake.

Baba Zuhura akaeleza kwamba hizo zilikuwa zimepasuka, Mzee Wafula alimpa badala ya kuzitupa. Tukampigia Mzee Wafula. Simu imezimwa. Tukaambiwa yuko likizo kwao Lugulu, mke wake amelazwa hospitali, hatarudi mpaka wiki ijayo.

Basi. Baba Zuhura akasimamishwa kazi. Akapewa mpaka Ijumaa aseme mabomba yako wapi, la sivyo jambo lipelekwe polisi.

Alichukua koti lake kwenye trela, akachukua na ule msala wake mdogo wa kuswalia uliokuwa nyuma ya kiti. Akaniambia "Kwaheri, binti" na akaenda kwa miguu.

Nilijisikia vibaya. Lakini wakuu, niwaambie ukweli kama nilivyoahidi, sikuwa na shaka na kitabu changu. Nilimhurumia vile mtu humhurumia mwizi mzuri.

Jumatano ukaja uvumi. Ati kuna mama wa posho mill huko Naitiri ameinua tenki juu ya mabomba mapya, makubwa, ya ng'ambo. Bwana Masinde akaruka. "Wewe ni wa huko, utanielekeza." Tukaingia pikapu ya kampuni.

Naitiri nilifika nikiwa mbele ya gari, miwani ya jua, karani wa Kitale. Niliomba watu wanione.

Wakaniona.

Posho mill ilikuwa ya Mama Nasimiyu, mama mnene aliyejaa unga mpaka kope. Na kweli nyuma ya mill tenki limesimama juu ya mabomba manne yanayong'aa.

Bwana Masinde akatoa tepu akaanza kupima. Mama Nasimiyu akatoka.

"Murembe," akasema. Yaani mulembe, lakini alikuwa ameshachemka hata salamu ikajikunja. "Munapima nini kwangu?"

Bwana Masinde akasema tunatafuta mali ya kampuni. Mabomba ya wizi.

"Ya wizi?" Mama Nasimiyu akaniangalia, akatoa zile miwani machoni pangu kwa mkono wake mwenyewe, akaniwekea mkononi. "Si wewe ni mtoto wa Mama Nafura wa kanisani? Wewe ndiyo unareta watu kwangu kusema mimi mwizi?"

Nilitamani ardhi ifunguke. Kina mama waliokuwa wanangoja kusagiwa wakasogea wote na debe zao.

"Mama, ni kazi tu," nikasema.

"Kazi? Ngoja nikuonyeshe kazi."

Akaenda ndani akarudi na spana kubwa kuliko mkono wangu. Akashika bomba la akiba lililokuwa limelala pale chini, akakanyaga kwa mguu, akafungua kiungo. Ndani ya meno kulikuwa na katani imepakwa rangi, vile mafundi wa maji hufunga.

Akanisukumia ile ncha karibu na pua.

"Hii ni bomba ya maji. Nimenunua Webuye, risiti iko kwa Biblia. Angaria meno! Wewe ni karani wa bomba na hujui kuangaria meno?"

Kina mama wakacheka. Bwana Masinde akaomba msamaha mara tatu, na kwa aibu akanunua gunia nusu la unga ambalo hakuwa amepanga kununua, akalibeba mwenyewe mpaka kwa pikapu na shati lake jeupe.

"Sarimia mama yako," Mama Nasimiyu akaniambia tukiondoka. "Mwambie nimekuuriza swari na hukujibu."

Njia yote ya kurudi Bwana Masinde alikuwa anapangusa unga kwenye shati. Mimi nilikuwa nimekalia miwani yangu na sikuhisi hata.

Nilikuwa nasikia neno moja tu. Meno.

Mara ya mwisho mimi kutoa kofia ya bomba na kuangalia meno ilikuwa lini? Nilifikiri mpaka tukapita Kiminini. Jibu lilikuwa: Bungoma, na Mzee Wafula, wiki ya kwanza.

Alhamisi nilifika yadi kabla ya watu. Askari wa langoni alikuwa anapuliza uji. Nikavua viatu vya kisigino, nikavaa gamubuti za mtu, nikaenda kwa ile safu ya kando ya ua.

Kofia ya kwanza ilinikataa. Ya pili nikatumia kipande cha nondo, ukucha mmoja ukaenda. Nikaona shingo imevimba, meno mafupi. Tubing. Ya tatu, tubing. Ya nne, ya tano, ya kumi, tubing. Nikaanza kupumua. Nikasema unaona, kitabu changu hakidanganyi.

Nikafungua nyingine chini yake.

Haikuwa na shingo. Bomba limenyooka moja kwa moja mpaka mwisho, meno marefu.

Nilikaa chini kwa matope. Halafu nikachukua kitambaa cha kichwa nikaanza kusugua ubavu wa lile bomba. Matope yakatoka. Chini yake, rangi nyeupe, herufi kubwa, neno lilikuwa limeandikwa lenyewe: CASING.

Limeandikwa, wakuu! Halikutaka hata uangalie meno. Lilitaka mtu atoke chini ya bati na kitambaa.

Nikasugua mengine. Yalikuwa kumi na mawili. Hakuna lililokosekana.

Sasa sehemu hii ndiyo sijivunii.

Nilikaa juu ya yale mabomba nikawaza. Kitabu kiko mezani, kalamu iko. Naweza kugeuza sabini na mbili iwe sitini, niandike na mstari mwingine chini. Ama niseme tu nimeyaona nyuma ya rundo fulani, nani atauliza. Nilimwaza mama yangu, ambaye alikuwa ameshaambia kanisa zima kuhusu kazi yangu. Nikawaza chumba cha Matisi. Nikawaza vile vijana wa yadi watanicheka mpaka nizeeke.

Halafu nikakumbuka kesho ni Ijumaa. Kwa Baba Zuhura, Ijumaa ilikuwa siku ya kanzu na marashi, siku ambayo hakuwahi kuchelewa msikitini. Na sisi tulikuwa tumempa hiyo hiyo kama siku ya polisi.

Bwana Masinde alipofika nilimfuata hata kabla hajafungua ofisi.

"Bosi, mwizi nimempata."

Alishtuka. "Nani?"

"Ni mimi."

Nikampeleka. Nikamwonyesha moja, nikamwonyesha shingo, meno, maandishi. Alikuwa anafuata kila bomba kwa mkono kama mtu anayegusa ng'ombe mnadani. Alipofika la kumi na mbili akakaa pale pale nilipokuwa nimekaa.

"Nafula, hicho kitabu chako mimi nimesaini kila ukurasa."

"Najua, Bosi."

 Halafu akasema polepole, hata hakuniangalia, "Tunaweza kusema tu zimepatikana."

Sijui nilitoa wapi nguvu. Mimi nilikuwa mtoto wa kazi miezi minne.

"Zimepatikana wapi, Bosi? Hazikuwa zimepotea."

Aliangalia zile gamubuti zangu, akaangalia kidole changu kilichotoka damu. Akacheka. Si kicheko cha furaha, kile cha mtu aliyechoka kuogopa. "Basi twende tukanyoroshwe pamoja," akasema. Akampigia mkaguzi simu mbele yangu, akasema makosa ni ya yadi, karani na msimamizi. Nilisikia kelele za yule mkaguzi kutoka upande wa pili, hata sikuhitaji spika.

Nilitaka twende kwa Baba Zuhura siku hiyo hiyo. Tulienda, tukakuta mlango umefungwa. Jirani akasema wameenda kumwona wakili wa ukoo.

Tukarudi yadi bila kumwona.

Ijumaa tukarudi. Watu walikuwa ndio wanatoka kuswali, njia imejaa kanzu nyeupe. Bwana Masinde alikuwa amevaa tai. Mama Zuhura alitufungulia, akaegemea mlango.

"Juzi mlikuja kuhesabu vikombe vya kuku wangu," akasema. "Leo mmekuja kuhesabu nini?"

"Tumekuja kuomba msamaha, mama," Bwana Masinde akasema.

"Msamaha hauingii ndani. Alipoitwa mwizi aliitwa nje. Ngojeni hapo hapo."

Tukangoja. Baba Zuhura akaja na wazee wenzake wanne watano kutoka msikitini. Alitusalimu, lakini hakutukaribisha.

Bwana Masinde alijaribu kuongea kwa sauti ya chini. Baba Zuhura akaweka mkono nyuma ya sikio. "Sema, bwana. Hawa ni majirani zangu. Habari ya kwanza waliipata, na ya pili waipate."

Basi akasema kwa sauti. Kwamba mabomba hayakuibwa, yalikuwa yadi siku zote, na dereva hana kosa lolote. Kisha akaniachia mimi.

Nikasema, "Mzee, kosa ni langu. Niliona mvua, sikutoka. Casing niliandika tubing. Ukanitazama ofisini, na mimi nikakuacha hivyo."

Hiyo ya mwisho sikuwa nimepanga kusema. Ilitoka yenyewe, na machozi yakaifuata.

 Mzee mmoja mwenye fimbo akauliza, "Kwani tofauti ya hizo mbili ni nini?"

Kila mtu akamwangalia Baba Zuhura, dereva wa mabomba.

"Wallahi sijui," akasema. "Mimi kwangu yote ni mzigo. Yana majina mengi, na ukikosea jina la bomba unafuta, unaandika lingine. Langu mimi ni moja, binti. Hilo ndilo ungeliangalia vizuri."

Nikaitikia kwa kichwa. 

Halafu akamgeukia mke wake, akauliza, "Chakula kipo?" Mama Zuhura akatuangalia kutoka kichwa mpaka viatu, akasema kipo, lakini huyu wa tai avue viatu, kuku wangu wanavipenda sana.

Hapo ndipo watu wakacheka. Tukaingia. Bwana Masinde alikula pilau sahani tatu, naapa. Woga ukimtoka mtu njaa inaingia.

Jumatatu Baba Zuhura alirudi kazini, na kabla ya kuwasha trela Bwana Masinde akasimamisha yadi yote akarudia yale maneno. Kisha akachukua rula, akachora safu mpya kwenye kila fomu: "imezidi".

Mimi sikufukuzwa. Nilipewa brashi ya waya na wiki mbili za kusafisha ncha za mabomba yote, moja moja, na kuandika aina yake. Mikono ilikuwa kama ya mchimba visima. Lakini baada ya hapo ungenifunga macho ukaniwekea bomba lolote mkononi, ningekuambia ni nini. Mzee Wafula aliporudi, mke wake amepona, akasikia hadithi, alicheka simuni mpaka salio likaisha. Lake.

Nilifanya kazi pale mpaka yadi ilipofungwa. Baba Zuhura alikuja kwenye harusi yangu Naitiri, akasimama kutoa hotuba, na akamsahihisha ngeli mshereheshaji mara mbili. Mama Nasimiyu alikuwa ameketi mstari wa mbele.

Nilichojifunza ni hiki, wakuu. Kosa langu la kwanza lilikuwa la uvivu, na uvivu unasameheka. La pili ndilo baya: niliambiwa na mtu mwaminifu kwamba kitabu changu kimekosea, na sikwenda hata kuangalia. Ingenichukua asubuhi moja. Yeye alikuwa ameshapoteza karibu wiki nzima ya usingizi. Siku hizi mtu akiniambia "angalia tena," naangalia tena, hata kama nina uhakika. Hasa kama nina uhakika.

Sasa nyinyi. Kuna mtu hapa aliwahi kugundua kosa ni lake wakati mtu mwingine tayari analilipia? Ulisema, ama ulinyamaza? Na kama wewe ndiye uliyesingiziwa, kuna aliyekuja mpaka mlangoni kwako? Andikeni, nasoma zote. Na wale mainjinia wa mabomba, kama nimechanganya kitu cha kitaalamu, nirekebisheni polepole, mimi nilikuwa karani tu.